Vidonge vya Kahawia

Mpimaji aliingia dukani akicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomtia Fundi wasiwasi.

Si kwamba hakupenda kumwona anacheka. Alikuwa amekikosa kicheko hicho mpaka basi. Lakini kwa miezi kadhaa mwanamume huyu alikuwa akija kimyakimya, anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, anazungusha funguo kidoleni na kuuliza habari za kazi. Akiambiwa nzuri, anasema haya. Akiambiwa mbaya, anasema haya. Watu wanaopendana wakishafika mahali pa kuulizana habari za kazi tu, basi ujue pana neno limekaa katikati yao na kila mmoja analizunguka.

Leo alikuja mchana kweupe wa Jumamosi, buti zimejaa vumbi la huko anakopima viwanja vya watu. Akapita katikati ya marobota ya vitambaa, akamkumbatia Fundi kutoka nyuma huku cherehani inaunguruma. Pindo la pazia la mteja likaenda upande. Mama Pasi, yule mama wa makamo anayenyoosha mapazia pale dukani, akajitia kutafuta chupa ya maji ambayo alikuwa ameishika mkononi. Halafu akatangaza kwamba anakwenda kula, na hali alikuwa ametoka kula sasa hivi. Akaondoka akijichekea peke yake.

"Una nini leo?" Fundi aliuliza. Alikuwa na pini midomoni, ikabidi azitoe kwanza.

"Nimefurahi tu. Mtu haruhusiwi kufurahi?"

"Anaruhusiwa. Ila anasema."

Mpimaji alivuta kigoda, akaketi mbele yake magoti kwa magoti, akaanza kumtoa nyuzi zilizonasa kwenye nywele, taratibu, kana kwamba hana safari nyingine duniani. Fundi akafumba macho. Jamani, mtu akikaa muda mrefu bila kuguswa na mkono anaoupenda, siku mkono huo ukirudi hata maswali humtoka kichwani. Alikaa vile akivuta harufu ya vumbi na jasho lake, akajisahaulisha yote.

Ndivyo walivyoanza, kwa mikono. Yeye Fundi alikuwa amekwenda kupima madirisha ya nyumba mpya, na Mpimaji alikuwa nje akihakikisha mpaka wa kiwanja. Dirisha la sebuleni lilikuwa pana, hakuna wa kumshikia ncha ya pili ya futi. Akamwita yule kaka wa nje. Kaka akaja, akashika. Fundi akasoma upana, akaandika, akafunga daftari, na kaka bado ameshika futi anamtazama. "Nimemaliza," Fundi akamwambia. "Najua," akajibu, na hakuachia. Kuanzia siku ile hakuna aliyewauliza tena kama wanapendana, maana ilionekana.

Neno lililokuja kukaa katikati yao lilikuwa la tumbo.

Tangu avunje ungo, Fundi hakuwahi kuuona mwezi ukapita kwa amani. Shuleni alikuwa akianguka mstarini. Ukubwani akawa anajifungia chumbani, amejikunja sakafuni na taulo mdomoni ili wapangaji wenzake wasimsikie. Kwao waliita chango. Shangazi, majirani, mpaka mama yake mzazi, wote walikuwa na dawa moja ya mdomo: ukizaa litaisha. Miaka ikaenda. Mwishowe akajikokota mwenyewe mpaka kwa daktari wa wanawake, mama mmoja mwembamba asiye na maneno mengi, akapimwa. Daktari akamweleza kwamba nyama laini inayofanana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi imeota nje ya mfuko, mahali isipotakiwa, na kila mwezi nayo inavuja damu isiyo na pa kutokea. Dawa ya kuing'oa kabisa hana, alisema, ila ya kuinyamazisha anayo. Akampa vidonge vya majira.

Ndiyo, hivyohivyo vya majira, wanavyomeza wanawake kupanga uzazi. Fundi mwenyewe alidhani daktari amekosea. Daktari akamwambia homoni zilizomo zinaituliza hedhi, na hedhi ikitulia, maumivu nayo hupungua. Siku atakayokuwa tayari kutafuta mtoto arudi, wapange upya. Fundi akameza, akangoja kuumwa kama kawaida yake. Mwezi ukapita. Ukapita mwingine. Siku moja akajikuta juu ya ngazi katika nyumba ya mteja, anaimba na kutundika pazia, na ni tarehe ambazo zamani angekuwa sakafuni. Akashuka akakaa kwenye ngazi ya chini, akalia kwa raha. Hakuwa amejua kwamba wanawake wengine huishi hivyo.

Alimweleza Mpimaji yote walipochumbiana, maana hakutaka ndoa yenye mafumbo. Naye kwa wema wake akamweleza mama yake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama yule hakugomba wala hakutukana. Alisema tu kwamba mchumba anayekuja na vidonge vya kuzuia mimba kwenye mkoba hajaja kukaa, na kwamba hatazungumza habari ya harusi na mtu mpaka huyo binti aviache, mwili wake usafishike, aonekane. Tangu siku ile hakumtaja tena ila kwa neno hilo, huyo binti. Mpimaji ni mtoto wake wa pekee.

Sasa turudi dukani.

"Mama anataka kuongea na wewe," Mpimaji alisema, na kabla Fundi hajajiandaa simu ilikwisha kuwa sikioni mwake.

"Hujambo, mwanangu."

Fundi aliitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana."

Sauti ilikuwa nyingine kabisa, laini, imelainika mpaka inatetemeka. Mama akasema ameambiwa yote. Akasema anajua halikuwa jambo dogo, na yeye ni mwanamke, anaelewa. Alikuwa akimwogopa, hamfichi, akiona huyu atamchukua mwanawe halafu amwache mikono mitupu. Sasa moyo wake umetua. Kesho aje nyumbani, wakae, waitafute tarehe. Akaongeza kwamba chumba cha uani kina madirisha makubwa yasiyo na mapazia miaka yote, na alikuwa anamngoja mwenyewe wa kuyashona.

Fundi alijibu ndiyo mama, ahsante mama, bila kujua anashukuru nini. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Alikuwa amelitamani hilo neno mwanangu kuliko alivyojua, na mtu akipewa anachokitamani haanzi kukikagua.

Simu ilipokatwa ndipo akauliza, "Umemwambia nini mama?"

"Nilichokiona."

"Umeona nini?"

Mpimaji akaishika mikono yake yote miwili. Ile siku aliyokwenda kumtengenezea bomba la jikoni, alisema, alikuwa anatafuta kitambaa cha kufungia, akafungua mtoto wa meza. Akaziona pakiti za vidonge. Hakukusudia kupekua, Mungu shahidi. Lakini alizichukua akazitazama, na kila pakiti ilikuwa imeishia njiani. Vyeupe vimemezwa, na mstari wa mwisho haujaguswa. Zote zilikuwa hivyo.

"Nilikaa chini kwenye maji yale ya bomba, nikalia," alisema. "Nikasema, huyu mtoto wa watu kumbe amekuwa anajaribu kuacha, kila mwezi anajaribu, peke yake, na hanisemeshi hata neno. Na mimi nilikuwa nakununia. Nilijiona mshenzi. Nisamehe."

Hapo ndipo Fundi alipoelewa.

Mstari ule wa mwisho ni vidonge vya kahawia. Anayemeza majira anajua, asiyemeza hawezi kujua. Vyeupe ndivyo vyenye homoni. Vya kahawia havina, vimewekwa ili mtu asipoteze mazoea ya kumeza kila siku, na siku hizo za kahawia ndizo damu inapokuja. Daktari alimwambia, wewe hatutaki ije. Ukimaliza vyeupe, viache vya kahawia, fungua pakiti nyingine. Ndivyo alivyokuwa akifanya. Pakiti zenyewe alizilundika kwenye mtoto wa meza kwa sababu aliona haya kuzitupa kwenye pipa wanalotumia wapangaji wote. Hakuwa ameacha. Alikuwa anameza vizuri kuliko mgonjwa yeyote wa daktari yule.

Na sasa huyu hapa amemshika mikono, macho yamemwiva kwa furaha, anaongea bila kituo. Anasema watapaka chumba rangi. Anasema ataomba kazi za karibu, asiende tena porini wiki nzima. Fundi alimtazama midomo, mawazo yakimpeleka mbio. Angenyamaza tu. Nani angejua? Angevihamishia kwenye boksi la kulabu za mapazia, ambako hakuna mwanamume angetia mkono, na angekuwa anameza asubuhi mlango umefungwa. Kesho angekwenda kwa mama akaitwa mwanangu. Wangapi wanaishi hivyo na nyumba zao zimesimama? Alikuwa amekwisha kuamua kunyamaza. Nisiwafiche, alikuwa amekwisha kuamua, na hata tabasamu alilitengeneza.

"Na kilichonifurahisha zaidi," Mpimaji akasema, "ni kwamba umeviacha na uko mzima. Hujalala kitandani hata siku moja. Mama alisema tangu mwanzo. Alisema yale maumivu ni kujiendekeza tu, mtu akiamua yanakwisha. Nilimbishia, nikakutetea sana. Kumbe mama alikuwa anajua."

Tabasamu lilimfia Fundi usoni. Angeweza kuubeba uongo kuhusu vidonge, lakini huu ulikuwa uongo kuhusu mwili wake. Miaka yote ile ya taulo mdomoni ilikuwa inafutwa hapo, kwa furaha, na mtu anayempenda.

"Sijaacha," alisema.

"Eh?"

"Vidonge. Sijaacha. Nilimeza hata leo asubuhi."

Akamweleza. Alimweleza polepole habari ya vyeupe na vya kahawia, maneno ya daktari, na pipa la wapangaji. Aliona furaha ikimshuka Mpimaji kutoka machoni hadi mabegani. Mikono aliiachia bila kuibamiza. Aliirudisha tu kwenye magoti yake mwenyewe.

"Kwa hiyo huumwi kwa sababu unameza."

"Ndiyo."

"Si kwamba umepona."

"Sijapona. Nimetulizwa. Niliwahi kuacha mara moja, kwa ajili yako, baada ya mama kusema. Unakumbuka nilipoanguka kwenye ngazi ya mteja? Sikuteleza kama nilivyomwambia mteja. Maumivu yaliniangusha. Nilikupigia simu nikiwa bado chini."

Alikumbuka. Ilionekana kwamba amekumbuka, maana alitazama pembeni. Siku ile alikuwa porini, mtandao unakatikakatika, na alimwambia vumilia mpenzi, ni siku chache tu.

"Nilikuwa mbali," alisema.

"Najua ulikuwa mbali. Sikulaumu. Nakwambia tu kwamba baada ya hapo nilirudi kwenye vidonge, na sikuthubutu kukuambia."

Mpimaji akanyanyuka, akaenda hadi mlangoni, akarudi. Alisema labda kuna njia ya katikati. Aache kwa miezi hii tu, mpaka harusi ipite. Mama aone kwamba ameacha, roho yake itulie, halafu wakishakuwa kwao watajua wenyewe.

"Mama aone nini?" Fundi akauliza. Hakuwa amepandisha sauti. "Nikiwa nimejikunja kwenye sakafu yake ya chumba cha uani, ndipo atatulia? Sisi bado hatutafuti mtoto. Niumwe miezi yote hiyo kwa ajili ya kuonwa?"

"Usiseme hivyo."

"Sikiliza. Siku tukitaka mtoto, mimi na wewe, tutakwenda wote kwa daktari. Nitaviacha siku hiyo kwa moyo mmoja. Nitaumwa, na wewe utakuwepo. Hilo nakuahidi hapa. Na mtoto akichelewa, au asije, tutakuwa wawili. Hicho ndicho nilicho nacho cha kukupa, sina kingine nimeficha."

Alikuwa amempa vyote. Alimtazama usoni akingoja. Lolote angelisema wakati ule lingetosha. Hata pole ingetosha. Hata angeuliza tu, maumivu yenyewe yakoje, maana katika miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza.

Mpimaji aliitazama simu mkononi mwake.

"Sasa mama nitamwambia nini?" alisema.

Lilikuwa swali la kweli. Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoumiza. Alikuwa mtu mwema, mwenye huruma, aliyeketi kwenye maji akalia kwa ajili yake, na huyo aliyemlilia hakuwa yeye. Fundi alijua hapohapo kwamba kila litakalokuja baadaye, kila maumivu na kila mwezi, litapita kwanza kwenye swali hilo kabla ya kumfikia.

"Mwambie ulikosea," akasema. "Mwambie vya kahawia havina dawa."

"Alikuita mwanangu. Umemsikia? Ungenyamaza tu. Kwa nini hukunyamaza?"

Fundi alishika futi yake iliyoning'inia shingoni, akawa anaikunja bila sababu. Mpimaji alingoja kidogo. Labda alitaka abembelezwe, au azuiwe, maana alisimama muda mrefu kuliko mtu anayeondoka. Kisha akautoa ufunguo wa chumba cha Fundi kwenye kundi la funguo zake. Ulikuwa umekaza kwenye pete, kucha zikamsumbua, ikabidi Fundi amsaidie. Waliutoa pamoja. Akauweka juu ya meza ya kukatia, akasema kazi njema, akatoka.

Mama Pasi aliporudi alimwangalia mara moja tu, akawasha pasi, akaanza kazi. Mwanamke yule ambaye siku zote hufungua mdomo tangu asubuhi alinyoosha mapazia mpaka jioni bila kutamka neno. Fundi alifumua lile pindo lililokwenda upande, akalishona upya, likaenda tena upande, akalifumua tena.

Nyumbani alikuta chumba kama alivyokiacha, kikombe mezani, kitanda hakijatandikwa. Bomba lilikuwa halivuji. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na viatu miguuni. Kwa wapangaji wa pembeni watu walikuwa wanacheka kitu kwenye televisheni, na kila walipocheka chumba chake kilizidi kuwa kikubwa. Hakuwa anaumwa popote. Alijipapasa tumbo, likawa limetulia kabisa, na upweke wenyewe hauna kidonge. Mwishowe akampigia mama yake.

Alimsimulia yote. Mama alisikiliza akiguna, halafu akasema kilekile. Ungenyamaza, mwanangu. Mwanamume anayelia kwa ajili yako unampata wapi tena? Mambo mengine mwanamke anameza kimya, maisha yanaendelea. Fundi akamwacha aseme. Alikuwa amechoka, hakuwa na nguvu za kubishana na mtu wa pili siku moja.

"Kila mtu ananiambia ninyamaze," alisema tu. "Na wewe uliniambia nikizaa litaisha. Ulijuaje, mama?"

Upande wa pili redio ikapunguzwa sauti.

"Sikujua," mama akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Niliambiwa na mama yangu. Nikakuzaa wewe, nikangoja. Unakumbuka nilivyokuwa nikifunga mlango, nakwambia kichwa kinaniuma, nenda kacheze?"

Fundi alikumbuka. Alikumbuka mlango uliofungwa na yeye mtoto ameketi nje akiusukuma kwa mguu, miaka na miaka, akiamini mama yake ana kichwa kibovu.

"Mama," alisema. "Mpaka leo?"

"Mpaka wiki iliyopita. Bado sijakoma hedhi." Akasikika akisogea, mlango ukilia, kama mtu anayehamia chumba cha ndani. Alipoongea tena alikuwa ananong'ona. "Huyo daktari wako, anapokea na watu wa umri wangu? Nijibu upesi, baba yako anaingia."